Kompyuta Iliyoamka Saa Nane Usiku, na Kijana Aliyetuhumiwa

Mwezi wa Juni nilifunga safari kutoka Ruangwa kwenda Nachingwea kumjulia hali dada yangu. Ulikuwa msimu wa ufuta. Magunia yalipangwa barazani, na kila mazungumzo yaliishia kwenye bei ya mnada. Nilitarajia kukuta nyumba yenye furaha, kwa kuwa mwanawe wa mwisho, anayesoma kidato cha tatu katika shule ya bweni, alikuwa amerudi likizo. Badala yake nilikuta nyumba iliyonuna. Kijana alinipokea mzigo, akasema, "Shikamoo mjomba," kisha akatokomea uani. Ilikuwa siku ya nne baba yake hasemi naye.

Baada ya sala ya Isha, shemeji yangu alinieleza kisa. Pale sebuleni ipo kompyuta ya mezani, ya zamani, ambayo aliinunua ikiwa imekwisha kutumika. Ndani yake yamo majina na mahudhurio ya watoto wa madrasa anayoisimamia, hesabu za kikundi cha kusaidiana katika misiba, na kumbukumbu za mauzo ya ufuta wa familia. Kila usiku kompyuta hiyo ililazwa kabla ya watu kwenda vitandani. Kila alfajiri, alipoamka kwa ajili ya sala, aliikuta i macho: kioo kinang'aa na feni inavuma. Usiku mmoja dada yangu aliisikia ikianza kuvuma. Alipotazama simu yake, ilikuwa saa nane kamili. Kijana hulala chumba kinachopakana na sebule.

"Mashine haijiwashi yenyewe, shemeji," aliniambia. "Ipo mikono inayoiwasha."

Kauli hiyo aliirithi. Marehemu baba yake alikuwa dereva wa trekta katika ule mpango wa karanga wa Waingereza, ulioanza mwaka 1947 na kuachwa mwaka 1951, ambao Nachingwea ilikuwa mojawapo ya maeneo yake pamoja na Kongwa na Urambo. Trekta la mzee lilipokutwa limehama mahali pake, haikuulizwa nini kimelihamisha, bali nani. Tena mambo haya yalianza wiki ile ile aliyofika kijana. Kwa shemeji, ushahidi ulikuwa umekamilika: mtoto anaamka usiku wa manane kutazama asiyopaswa kuyatazama. Kijana aliapa, "Wallahi baba, sijaigusa." Baba akamwambia asiongeze kiapo juu ya kosa.

Mjukuu wa nyumba ile, mwenye umri wa miaka saba, alikuwa na rai yake: ni jini. Fundi mmoja aliyeitwa alisema ni virusi, na dawa yake ni kupiga Windows upya. Dada yangu akamuuliza, "Na majina ya watoto wa madrasa?" Fundi akajibu kwamba kama hakuna nakala yake, yatafutika. Hapo shauri likaahirishwa mpaka mjomba afike.

Kwetu kusini, miongoni mwa Wamwera na jirani zetu Wamakua na Wamakonde, ukoo ulihesabiwa kwa upande wa mama. Hata leo mjomba akiitwa katika shauri la mtoto wa dada yake, hawezi kusema halimhusu. Mimi si fundi wa kusomea, lakini nimeshinda miaka mingi katika duka la steshenari mjini Ruangwa, na kompyuta za mitumba zimenifunza mambo yake. Niliomba usiku mmoja tu, na sharti moja: mtu yeyote asiiguse mpaka asubuhi.

Kulala si kuzimika

Kauli ya shemeji ilikuwa ya kweli zamani. Kompyuta za mwanzo zilikuwa na swichi iliyokata umeme moja kwa moja, kama swichi ya taa. Ukiizima, imezimika. Mwaka 1995 kampuni ya Intel ilitoa muundo unaoitwa ATX, na tangu hapo mambo yalibadilika. Katika muundo huo pawa saplai huendelea kupeleka umeme mdogo wa volti 5 kwenye madabodi maadamu waya umechomekwa ukutani. Ukifungua boksi, utauona waya unaoupeleka. Kwa kawaida huwa wa rangi ya zambarau. Mwezi Desemba 1996 kampuni za Intel, Microsoft na Toshiba zikatoa kanuni ziitwazo ACPI, zinazoeleza jinsi kompyuta inavyolala na kuamka.

Kompyuta ya mezani inapolala, prosesa husimama, diski huacha kuzunguka, feni hunyamaza na kioo huwa cheusi. Hubaki memori peke yake, ikiwa imeshikilia kazi uliyoiacha. Pamoja nayo hubaki zile sehemu zilizopewa ruhusa ya kuiamsha. Kwa hiyo kompyuta iliyolala ni kama mlinzi aliyesinzia getini: macho yamefumba, lakini masikio hayajazibwa. Swali la haki basi si "Nani ameiwasha?" pekee. Ni "Imesikia nini?"

Waamshaji wanne

Wa kwanza ni kipanya na kibodi. Dukani kwetu Ruangwa tulikuwa na kompyuta iliyoamka mchana kutwa bila kuguswa. Tulibishana siku tatu, hadi kijana wa fotokopi alipotambua kwamba inaamka kila anapotoa nakala nyingi. Mashine ya fotokopi ilikuwa juu ya meza ile ile. Meza ikitikisika, kipanya hutikisika. Na kipanya chenye taa chini huuchukua mtikisiko huo kuwa ni mkono wa mtu. Tuliihamisha fotokopi, ugomvi ukaisha.

Wa pili ni waya wa mtandao. Kadi ya mtandao inaweza kubaki ikisikiliza wakati kompyuta imelala, ili ikipokea ujumbe maalumu iiamshe. Ofisi kubwa huupenda uwezo huo, kwa kuwa mtaalamu huweza kuzihudumia mashine usiku akiwa mbali. Nyumbani au dukani faida yake ni ndogo.

Wa tatu ni saa ya ndani. Programu huweza kuweka miadi: niamshe saa fulani nifanye kazi fulani. Msomaji azingatie hili: katika Windows 10, kazi za matengenezo ya kila siku hupangwa kufanyika saa 2:00 AM ikiwa mwenye mashine hakuchagua saa nyingine. Kwa hesabu yetu ya Kiswahili, hiyo ni saa nane kamili usiku.

Wa nne si mwamshaji hasa, lakini hudhaniwa kuwa mmoja wao: umeme uliokatika na kurudi. Kompyuta nyingi zina mpangilio, ulio nje ya Windows, unaoamua zifanye nini umeme ukirudi: zibaki zimezimwa, ziwake, au zirudie hali ziliyokuwa nayo. Mwenye nyumba huikuta asubuhi inang'aa, akasema imeamka, kumbe imewashwa upya.

Kuiuliza mashine yenyewe

Alfajiri ile, kama kawaida, tuliikuta i macho. Niliwaita wote sebuleni, na kijana akaja akiwa ameinamisha kichwa. Nikaandika herufi tatu, cmd, kwenye nafasi ya kutafutia ya Windows, nikabofya jina lililotokea kwa kitufe cha kulia cha kipanya, nikachagua "Run as administrator". Katika dirisha jeusi lililofunguka niliandika amri tatu, moja baada ya nyingine:

powercfg /lastwake

powercfg /waketimers

powercfg /devicequery wake_armed

Ya kwanza hueleza kilichoiamsha kompyuta mara ya mwisho. Ya pili hutaja miadi ya kuamka iliyosubiri. Ya tatu huorodhesha vifaa vyenye ruhusa ya kuiamsha. Wakati mwingine jibu la amri ya kwanza huwa tupu, wala hilo lisimkatishe mtu tamaa, kwani Windows hutunza pia daftari la matukio. Andika "Event Viewer" kwenye nafasi ya kutafutia, fungua kumbukumbu za "System", kisha tafuta mistari yenye jina "Power-Troubleshooter". Kila mstari wa namna hiyo unaonyesha saa mashine iliyolala, saa iliyoamka, na kilichoiamsha kama kimejulikana.

Tulisoma pamoja. Usiku uliopita: imelala saa 4:12, imeamka saa 8:00 kamili, iliyoiamsha ni saa ya ndani. Usiku wa kabla yake: saa 8:00 kamili. Na wa kabla yake: saa 8:00 kamili. Binadamu anayenyemelea kompyuta hafiki dakika ile ile kila usiku.

Kisha tukafika usiku wa Jumamosi iliyotangulia. Nao ulikuwa hivyo hivyo: saa 8:00 kamili. Dada yangu akashtuka. "Jumamosi hatukuwapo," alisema. Jumamosi ile familia nzima ilikuwa Ruangwa kwenye harusi, wakalala huko. Nyumba ilikuwa imefungwa, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwa shemeji mwenyewe.

Sebule ilinyamaza. Shemeji alisoma ule mstari mara ya pili, kidole kikiwa juu ya kioo. Halafu akauliza swali zuri: "Mbona kabla hajaja haikuwa hivi?"

Aliyejibu ni kijana, kwa sauti ya chini. Zamani baba yake alikuwa akiizima kabisa kompyuta kila jioni, na asubuhi huchukua muda mrefu kuwaka. Alipofika likizo, yeye ndiye aliyemwelekeza baba yake kuilaza badala ya kuizima, ili akiihitaji aikute tayari. Kompyuta iliyozimwa kabisa haikuitikia miadi ya saa nane. Iliyolazwa iliitikia. Basi ni kweli mambo yalianza alipokuja; lakini yalianza kwa sababu alimsaidia baba yake.

Shemeji alisimama, akamshika mwanawe begani. "Mwanangu, nimekukosea," alisema. Kijana akajibu, "Yamekwisha, baba," na safari hii hakwenda uani.

Dawa yake

Tiba haikuchukua dakika kumi. Katika mipangilio ya umeme ya Windows, ndani ya sehemu ya "Sleep", ipo ruhusa iitwayo "Allow wake timers", tuliiondoa. Katika ukurasa wa matengenezo ya kila siku, "Automatic Maintenance", tuliondoa alama inayoyaruhusu kuiamsha kompyuta, tukayahamishia saa tano asubuhi, wakati shemeji anapokuwa akiitumia. Hatukuyafuta, kwa sababu yana faida yake.

Kisha tukafungua "Device Manager". Kwa kipanya na kwa kadi ya mtandao tuliondoa alama kwenye maneno "Allow this device to wake the computer", yaliyomo chini ya "Power Management". Kibodi tuliiachia ruhusa hiyo, ili mwenye nyumba awe na mlango mmoja anaoujua wa kuiamsha mashine yake.

Mwisho tuliangalia muda wa kulala, tukakuta umewekwa "Never". Ndiyo maana mashine ikishaamka saa nane haikurudi kulala tena. Tuliupunguza uwe dakika 20.

Ukweli wa asubuhi ya tatu

Usiku wa kwanza ulipita salama, na wa pili. Asubuhi ya tatu kompyuta ilikutwa inang'aa. Mjukuu alikimbia kunipasha habari kwamba jini amerudi. Nilimtazama shemeji, nikahofia ya zamani. Yeye akavuta kiti, akasema, "Tuiulize kwanza."

Safari hii dalili zilikuwa nyingine. Kompyuta iliyoamka hukurudisha kwenye kazi uliyoiacha. Hii ilisimama kwenye ukurasa wa kuingilia, na tulipoingia hapakuwa na kazi yoyote iliyofunguliwa. Majina matatu ya watoto wapya wa madrasa, aliyoyaandika usiku bila kuyahifadhi, yalikuwa yamepotea. Zaidi ya hayo, tarehe yake ilionyesha mwaka uliopita zamani. Dada yangu alikumbuka kwamba umeme ulikatika usiku na kurudi kabla ya alfajiri.

Hapo tulikuwa na majibu mawili. La kwanza, memori ya kompyuta iliyolala huhitaji umeme. Ukikatika, kila kisichohifadhiwa hupotea. La pili, betri ndogo ya madabodi ilikuwa imekufa. Hiyo ni betri bapa kama sarafu, yenye maandishi CR2032 na nguvu ya volti 3, inayotunza saa na mipangilio ya msingi umeme usipokuwapo. Katika kompyuta ya miaka mingi ni jambo la kawaida kuikuta imekwisha. Ikiisha, kila umeme unapokatika mipangilio hurudi ya kiwandani. Na katika mashine ile mpangilio wa kiwandani ulikuwa kurudia hali iliyokuwapo kabla ya umeme kukatika. Iliyolala huhesabiwa kuwa imewashwa. Kwa hiyo umeme uliporudi, ikawaka.

Tulinunua betri mpya. Kijana ndiye aliyeiweka: alichomoa waya ukutani, akabonyeza kitufe cha kuwashia ili umeme uliosalia uishe, akafungua boksi, akaitoa ya zamani na kuiweka mpya, maandishi yakitazama juu kama yalivyokuwa. Kisha tuliingia kwenye mipangilio ya msingi kwa kubonyeza kitufe kinachotajwa kwenye kioo pale mashine inapoanza kuwaka, mara nyingi F2, F10 au Delete. Tukarekebisha tarehe, na tukachagua kwamba umeme ukirudi kompyuta ibaki imezimwa.

Kwa miji yetu ambayo umeme hukatika usiku, ninapendekeza jambo moja zaidi: hiberneti. Hali hiyo hufanana na usingizi, lakini kazi iliyofunguliwa huandikwa kwenye diski badala ya kushikiliwa na memori. Umeme ukikatika, hakipotei kitu. Ikiwa haionekani kwenye orodha ya kuzimia, iwashe kwa amri hii, katika dirisha lile lile jeusi:

powercfg /hibernate on

Uniti zinazovuja

Huenda msomaji akauliza, kuna hasara gani kompyuta ikiamka? Tupige hesabu. Kompyuta ya mezani ya zamani pamoja na kioo chake hutumia kwa kawaida kati ya wati 60 na 100 ikiwa macho. Ikilala hutumia wati chache tu. Tuchukue wati 80. Kutoka saa nane usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi ni saa 4, sawa na uniti 0.32. Kwa siku 30 ni karibu uniti 10 za LUKU, ambazo hazikumsomesha mtoto wala kupoza maji. Kwa familia iliyomo katika daraja la watumiaji wadogo, linalohesabu hadi uniti 75 kwa mwezi, uniti 10 si kitu cha kupuuza.

Utaratibu wa kufuata

Kwa mwenye tatizo kama hili, namna ya kulichunguza ni hii. Kwanza, nakili kazi zako muhimu kwenye flashi kabla ya kugusa chochote, na usikubali kupigiwa Windows upya kabla ya kufanya hivyo. Pili, tazama kama kazi uliyoiacha bado ipo. Kama ipo, kompyuta imeamka. Kama haipo, imewashwa upya, nawe uanze na umeme na betri. Tatu, angalia saa ya tukio: inayojirudia dakika ile ile huelekeza kwenye miadi, na inayobadilikabadilika huelekeza kwenye kipanya au mtandao. Nne, soma daftari la mashine. Tano, ondoa ruhusa moja moja, ukisubiri usiku mmoja au miwili kati ya moja na nyingine. Ukiziondoa zote kwa pamoja, hutajua ni ipi iliyokuwa na kosa. Sisi tuliziondoa kadhaa kwa mkupuo kwa kuwa daftari lilikuwa limeshatutajia mhusika. Virusi vipo, wala si vibaya kuikagua mashine. Lakini mashine inayoamka usiku haijawa na virusi kwa sababu hiyo tu.

Siku ya kuondoka, kijana alinisindikiza hadi stendi. Nilimuuliza kama moyo wake umetulia. Alisema kilichomuuma zaidi si adhabu, bali ni kwamba alisema kweli na hakuwa na namna ya kuithibitisha. Nilimjibu kwamba uthibitisho ulikuwapo muda wote, umeandikwa kwa saa na dakika, hatua tatu kutoka pale alipokuwa akituhumiwa. Hakuna aliyekuwa ameufungua.

Wiki iliyofuata shemeji alinipigia simu Ruangwa. Kompyuta inalala hadi asubuhi. Yale majina matatu ameyaandika upya, na nakala ya madrasa nzima imo kwenye flashi, ambayo amempa mwanawe aitunze.